Goti Linalouma Lisiachwe Kulala



Mimi si daktari. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo hapa Mombasa, na kabla ya kuingia kazi hii nilisomea ualimu. Kazi yangu ni kuandika majina, kupokea fomu na kuwaita watu kwa zamu. Lakini karani akikaa miaka kadhaa karibu na mlango hujifunza kuwatazama watu. Mkulima akiitwa naye ameketi bengini, mimi humtazama anavyoinuka. Yuko anayeinuka mara moja. Yuko na yule anayeshika ukuta kwanza, akaguna, akasimama kidogo, kisha ndipo akapiga hatua. Huyu wa pili neno lake nalijua kabla hajalisema: "Bwana karani, ni magoti. Nimeambiwa nipumzike. Shamba sasa nawaachia watoto."

Neno hilo la "nipumzike" ndilo linalonifanya niandike leo. Nasema wazi kwamba kwa mtu ambaye magoti yake ndiyo kwanza yanaanza kuuma kwa sababu ya kuchakaa, ushauri wa kuketi tu ni ushauri mbaya. Unamtoa shambani mtu ambaye angaliweza kulima miaka mingine mingi. Goti la namna hiyo halitaki kulazwa. Lataka kutembezwa, tena kwa kipimo.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo tulilifanya nyumbani kwetu. Babu yangu alipata shamba katika skimu ya Shimba Hills, na baba akalirithi: michungwa, minazi, mahindi na mihogo, kama mashamba yenu mengi. Baba alipofika miaka 56 goti lake la kulia lilianza kukaza asubuhi, na jioni likawa linamuuma kila alipopanda kutoka bondeni. Sisi watoto tulimpenda, nasi tukafanya kama wapendao wafanyavyo. Tulimwekea kiti chini ya mwembe. Maji aletewe, chakula aletewe, hata redio aletewe. Tukajisifu mbele ya majirani kwamba twamtunza mzee.

Mwaka wa kwanza alinenepa, nasi tukafurahi. Mwaka wa pili mapaja yake yalikonda, goti likaonekana nene kuliko paja. Mwaka wa tatu hakuweza tena kufika mpaka wa shamba lake kwa miguu. Na katika mwaka huo huo alama ya mpaka upande wa bondeni ilisogezwa hatua kadhaa kuingia kwetu. Baba alipata habari baada ya misimu miwili ya mvua, mtu mwingine amekwisha kuvuna mahindi juu ya ardhi yetu. Mambo yalifika kwa chifu, yakatengenezwa, lakini baba hakusahau. Aliniambia, "Mwanangu, mpaka ule nilikuwa nikiukanyaga kila juma. Mlininyang'anya miguu yangu kwa heshima." Sikuwa na la kumjibu.

Sasa nitawaeleza habari ya mzee mwingine. Mimi nimepanga chumba hapa Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni. Jirani yangu ni mzee aliyepita miaka 70, zamani fundi seremala wa milango, na kazi ile ya kupiga magoti juu ya mbao miaka nenda miaka rudi ilimharibia magoti yote mawili. Lakini kila siku akisha kusali alfajiri huchukua bakora yake, hupita mbele ya Ngomeni, hufuata Ndia Kuu mpaka bandari ya zamani, kisha hurudi. Akichoka huketi katika baraza ya nyumba yoyote, akaamkiana na watu, akainuka tena. Siku moja nilimwuliza kama haogopi kuyamaliza magoti yake kwa kutembea. Akacheka. "Mwanangu, mlango ukifungwa mwaka mzima katika hewa hii ya chumvi, bawaba zake hushika kutu. Mimi nimetengeneza milango maisha yangu yote, nisijue hilo?"

Mzee yule hakusoma vitabu vya udaktari, lakini waliovisoma wasema kama yeye. Mmeona mnapochinja kuku au ng'ombe kwamba ncha za mifupa kwenye kiungo zimefunikwa na kitu cheupe, kilaini, chenye kuteleza. Hicho huitwa gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu; hupata chakula chake kutoka katika ute ulio ndani ya kiungo. Ukikanyaga, gegedu hubanwa. Ukiinua mguu, huachiwa likanywa ute, kama sifongo likanywavyo maji. Basi mtu asiyetembea hulinyima gegedu lake chakula. Tena misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo hulishika goti lisiyumbe, hulegea upesi sana isipotumika. Misuli ikilegea, uzito wote huangukia kiungo, maumivu huzidi, mtu huzidi kuketi, na misuli huzidi kulegea. Ndiyo njia aliyopita baba yangu.

Lakini kabla hujafuata shauri langu, hakikisha kwamba ugonjwa wako ndio huu. Goti linaloanza kuchakaa huwashika zaidi watu waliopita miaka 45, na akina mama kuliko wanaume. Huuma ukilitumia na hupoa ukitulia. Asubuhi hukaza, lakini kukaza huko hakuzidi nusu saa hivi. Watu wetu huita kila ugonjwa wa viungo "baridi yabisi", wakadhani ni baridi iliyoingia mifupani. Si hivyo. Hapa Mombasa tumepata chikungunya mwaka 2004, na tena kuanzia mwisho wa 2017 mpaka 2018. Homa hiyo huletwa na mbu, nayo huacha viungo vikiuma majuma au hata miezi. Jina lake lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kukunjika, kwa kuwa ilitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Kuna na jongo, ambalo huja ghafula, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu. Magonjwa haya yana dawa na utaratibu wake mbali.

Kwa hiyo, goti likiwa la moto, jekundu, limevimba ghafula, au una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile ukiwa umeanguka na huwezi kukanyaga, au goti hukwama lisikunjuke, au viungo vingi vyakaza asubuhi kwa muda wa saa nzima na zaidi. Hapo usitembee kwa ajili ya shauri la karani. Mwone daktari.

Sasa najua mkulima mmoja huko aliko amekwisha kukasirika. Asema, "Huyu karani aliyeketi kitini atufundisha kutembea? Sisi hutembea tangu jogoo la kwanza. Kama kutembea ni dawa, mbona magoti yatuuma?"

Swali hilo ni la haki, nami nataka kulijibu vizuri. Kazi ya shamba si kutembea. Kuchutama saa tatu ukipalilia si kutembea. Kupiga magoti ukipanda miche si kutembea. Kupanda mlima na gunia la machungwa mgongoni, hiyo ni kubeba mzigo, si kutembea. Imejulikana kwamba watu ambao kazi zao ni za kuchutama, kupiga magoti na kubeba vitu vizito ndio wanaozidi kupata ugonjwa huu wa goti. Hata akina mama wanaoketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, wanayaumiza bila kujua. Kutembea ninakokusema ni kule kwa mikono mitupu, mahali palipo sawa, mwendo wa kadiri, mwili umesimama wima. Wakulima wengi hufanya kazi nyingi sana na kutembea namna hiyo kidogo sana. Na goti likianza kuuma, huacha yote mawili kwa pamoja. Lipasalo kupunguzwa ni mizigo na kuchutama, kutembea kubaki.

Wala hili si wazo langu tu. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu 1,212 wenye miaka 50 na zaidi, ambao magoti yao yalikuwa yamechakaa. Waliwalinganisha waliokuwa na desturi ya kutembea kwa ajili ya mazoezi na wasiokuwa nayo. Katika wale ambao mwanzoni hawakuwa na maumivu ya mara kwa mara, watembeaji walionekana kuwa na hatari ya kuyapata iliyo pungufu kwa kiasi cha 40 katika 100. Wataalamu wengine mwaka 2014 walipima hatua, wakaona kwamba wenye magoti ya namna hii waliofikisha hatua kama 6,000 kwa siku ndio waliokuwa na matumaini makubwa ya kutoshindwa na shughuli zao miaka miwili mbele. Hatua 6,000 ni mwendo wa saa moja hivi, nao waweza kugawanywa mara tatu au nne katika siku. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri katika juma, yaani nusu saa kwa siku tano.

Basi fanya hivi.

Kwanza, anza na kidogo. Ikiwa umekaa sana, tembea dakika 10 asubuhi na 10 jioni, jua likiwa halijawa kali. Juma la pili ongeza dakika chache. Usishindane na mtu.

Pili, jifunze kuyasoma maumivu. Kuuma kidogo unapotembea si dalili kwamba waharibu goti. Kipimo chake ni hiki: maumivu yakizidi kwa kutembea, lakini kesho yake asubuhi yamerudi kama yalivyokuwa, endelea. Kama kesho yake bado yamezidi, au goti limevimba, ulipita kiasi. Punguza mwendo, lakini usiache.

Tatu, chukua bakora bila haya, na uishike kwa mkono ulio upande wa goti zima. Wengi huishika upande unaouma, nayo haiwasaidii. Goti la kulia likiuma, bakora iwe mkono wa kushoto, iende pamoja na mguu unaouma. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza unaouma.

Nne, itie nguvu misuli ya paja. Watu wa Mji wa Kale wana chombo cha bure cha kazi hiyo, nacho ni baraza ya mbele ya nyumba. Wewe tumia kiti kigumu au benchi. Keti, kisha inuka polepole bila kusukuma kwa mikono, kisha keti polepole. Fanya mara 10, pumzika, fanya tena. Ukishindwa, tumia kiti kirefu zaidi. Au keti, nyosha mguu mmoja mbele yako, ukaze paja, uhesabu mpaka tano, uushushe. Hayo waweza kuyafanya hata ukingojea zamu yako ofisini kwetu, nami sitakucheka.

Tano, punguza uzito wa mwili ikiwa umezidi. Imepimwa kwamba kila kilo moja anayopungua mtu mnene hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Aliyepungua kilo 5 amelitua goti lake kilo 20, na hatua za siku ni maelfu. Sisi watu wa pwani twapenda chai ya sukari nyingi, mahamri, viazi karai na halua. Sisemi muache kula. Nasema mkulima mwenye mbaazi, mchicha, mapapai na samaki karibu naye hana sababu ya kushiba kwa unga na mafuta kila asubuhi.

Sita, badili namna ya kufanya kazi. Gunia lipakie kwenye wilbaro au mkokoteni, au lipunguze liwe nusu mbili. Refusha mpini wa jembe. Ukipalilia, keti juu ya kigoda badala ya kuchutama, na kila nusu saa inuka utembee mpaka mwisho wa mstari na kurudi. Kazi ya kuchutama ifuatwe na kazi ya kusimama. Vaa kiatu chenye kisigino kifupi kinachokaza mguuni. Ndara za kuteleza katika tope la masika zimewavunja wengi.

Tena nina neno juu ya dawa. Baba yangu alinunua vidonge katika duka moja, vimefungwa katika kikaratasi kisicho na jina, akaambiwa ameze viwili kila goti likiuma. Alivimeza karibu mwaka mzima, mpaka tumbo likaanza kumchoma. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki, vikitumika muda mrefu bila kuangaliwa na mganga, vyaweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Ikiwa una ugonjwa wa figo, presha au vidonda vya tumbo, hatari ni kubwa zaidi. Dawa ya diklofenaki ya kupaka juu ya goti haina hatari kiasi hicho, na wengi huwasaidia; mwulize mganga wa zahanati. Lakini hakuna kidonge kinachotia nguvu paja lililolegea.

Mkija mjini mna nafasi nzuri ya kujaribu haya. Wengi wenu mwatoka Kwale na Shimba Hills na kuvuka Likoni kwa feri. Mwenda kwa miguu halipi chochote feri ile. Usikimbilie kushuka na msongamano; waache vijana watangulie, kisha panda mteremko ule polepole. Badala ya kurukia tuktuk mara moja, kama huna mzigo na jua halijawaka, shika mkono wa kulia ufuate barabara ya Mama Ngina. Ni njia iliyonyooka, bahari iko kando, mibuyu mikubwa ina kivuli, na pana mahali pa kuketi. Mwendo wa kadiri utakufikisha Ngomeni, boma lililoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Pumzika hapo, kisha pita katika vichochoro vya Mji wa Kale mpaka Marikiti ukaone bei ya machungwa na nazi kwa macho yako mwenyewe. Wengi wenu huuza kwa bei ya dalali kwa sababu miguu imechoka kufika sokoni.

Mwisho nataka kusema na watoto wa wakulima, maana gazeti hili nyinyi ndio mnaowasomea wazee. Mkiona baba au mama ameanza kushika goti, msimletee kiti peke yake. Mleteeni bakora, na mmoja wenu atembee naye jioni mpaka mpaka wa shamba na kurudi. Mnyang'anyeni gunia, msimnyang'anye njia. Mzigo wa maji bebeni nyinyi. Kukagua minazi mwacheni akague yeye. Mzee anayekagua shamba lake ndiye anayejua mti upi umeingia chonga, maji yalikata wapi mvua iliyopita, na jiwe la mpaka limelala wapi. Elimu hiyo haiko katika faili zetu ofisini. Iko miguuni mwake, na akiketi hupotea pamoja naye.

Baba yangu tulimwinua kitini tukiwa tumechelewa, lakini tulimwinua. Msaidizi wa mazoezi wa hospitalini alimfundisha kuinuka na kuketi, akaanza kwa kuzunguka nyumba mara mbili. Hakurudi kuwa kijana, na bondeni hashuki tena siku za mvua. Lakini Jumapili iliyopita nilipokwenda nyumbani sikumkuta chini ya mwembe. Kiti kilikuwa kitupu, kuku amelala juu yake. Nikamfuata, nikamkuta amesimama na bakora yake kwenye mpaka wa chini, anahesabu miche ya michungwa.

Akaniuliza, "Umekuja na kiti?"

Nikamjibu, "La, baba. Nimekuja tutembee."